Uzi: Unakuja London? Kabla ya kuuliza nyuzi joto, uliza jua linazama saa ngapi

Mtanga_Ughaibuni

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Haupiti mwezi bila kupokea ujumbe wa mtu anayekuja London. Kuna anayekuja kikazi, anayekuja kusoma na anayekuja kumwona mwanawe. Swali lao ni moja: "Baridi ikoje huko?" Namtajia nyuzi joto, anaridhika, anafunga begi. Akifika anaumizwa na jambo ambalo hakuniuliza. Huu ni mwaka wangu wa 11 hapa, nimeona niandike kwa kirefu mara moja, atakayetafuta aukute uzi.

Niseme la kwanza kabisa. Kinachomvurugia mgeni safari hapa si baridi, ni mwanga.

Sisi tumezaliwa karibu na ikweta. Jua letu linachomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, Januari hadi Desemba, likipishana ni kwa nusu saa hivi. Hata saa yetu ya Kiswahili imejengwa juu ya jua hilo: saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. London iko nyuzi 51 na nusu kaskazini mwa ikweta, na huku hesabu hiyo inavunjika. Tarehe 21 Desemba jua huchomoza kama saa mbili na dakika 4 asubuhi na kuzama saa tisa na dakika 53 alasiri. Mchana wote haufiki saa 8. Tarehe 21 Juni jua liko nje tangu saa kumi na dakika 43 alfajiri mpaka saa tatu na dakika 21 usiku. Mji ni uleule, lakini mchana wa Juni ni zaidi ya mara mbili ya ule wa Desemba.

Mama yangu alikuja mara ya kwanza Desemba 2017. Nilitaka nimpeleke Greenwich, akasimame kwenye ule mstari ambao dunia nzima inahesabia longitudo, halafu auone mto Thames kutoka juu ya kilima. Nikapanga kama ningepanga Tanga: tule chakula cha mchana nyumbani, tupumzike kidogo, tutoke jua likishapoa. Tulifika kilimani saa tisa na nusu. Jua lilikuwa limeshapotea nyuma ya wingu, na majengo ya Canary Wharf ng'ambo ya mto yalishaanza kuwashwa taa. Simu ilisema nyuzi 6. Mtu akisikia sita haogopi. Lakini upepo ulikuwa unapanda kilima kutoka mtoni, una unyevu ndani yake, na mama alikuwa amevua glavu ili ashike simu apige picha. Vidole vikamkaza hata akashindwa kufunga kifungo cha juu cha koti. Nikamfungia mimi, kimoja kimoja, kama alivyokuwa akinifungia shati la shule. Hatukuona chochote zaidi ya taa, na tukashuka gizani saa kumi jioni.

Kosa lilikuwa langu, sikupanga kwa jua. Tangu hapo kila mgeni wangu namwambia: fungua simu, angalia jua linazama saa ngapi tarehe utakayokuwepo, halafu hesabu kurudi nyuma. Kuanzia Novemba hadi Januari, kila kitu cha kutazamwa nje, bustani, madaraja, vilima, kifanye kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Makumbusho yawekee alasiri. Makumbusho ya Uingereza pale Bloomsbury ni bure kuingia na ndani kuna joto, giza likiingia hupotezi kitu.

La pili ni upepo. Sisi wa pwani tunalijua hili kuliko tunavyodhani. Mvuvi wa Tanga hatazami kipimajoto, anauliza kama ni kusi au kaskazi. London nayo inasomwa hivyo. Upepo wake wa kawaida unatoka kusini-magharibi, umepita juu ya Atlantiki, kwa hiyo unaleta wingu, manyunyu na hewa isiyo kali sana. Ni upepo huo, pamoja na mkondo wa maji ya vuguvugu baharini, unaoifanya London isigande. Tazameni ramani: Calgary ya Kanada iko karibu mstari mmoja na London, na kule baridi hushuka mbali sana chini ya sifuri. Hapa Januari ya kawaida ni nyuzi 8 mchana na 2 au 3 usiku. Lakini upepo ukigeuka ukatoka mashariki, unakuja kutoka bara, mkavu na wenye makali. Mwishoni mwa Februari 2018 mama alikuwa bado yupo, ukavuma upepo kutoka Siberia ambao Waingereza waliuita Mnyama wa Mashariki. Mji ulifunikwa na theluji, na mchana joto lilikuwa karibu na sifuri. Kwa hiyo ukifungua utabiri, usiishie kwenye namba kubwa ya katikati. Angalia upepo unatoka wapi na una kasi gani.

Na theluji yenyewe msije kwa ajili yake. Katikati ya London ni nadra, na ikianguka mara nyingi haikai. Ikikaa, mji unasimama: Februari 2009 mabasi yalisitishwa mji mzima.

Misimu kwa kifupi. Machi na Aprili maua yanafumka, lakini siku moja inaweza kukupa jua, mvua ya mawe na jua tena. Mei ni nzuri sana. Juni hadi Agosti mchana huwa nyuzi 21 hadi 24, na hoteli zina bei. Septemba bado kuna joto, na watoto wamerudi shule. Oktoba majani yanageuka rangi, nendeni Richmond Park asubuhi muone kulungu kwenye ukungu. Mkinitaka nichague, nachagua nusu ya pili ya Mei au nusu ya kwanza ya Septemba.

Karibuni maswali.

Mkinga_Halisi

Mkuu, uzi mzuri. Ila sisi wa Makete baridi tumezaliwa nayo. Juni na Julai kule Kitulo unaamka sakitu imetanda kwenye majani kama chumvi. Nyuzi 6 kwetu ni asubuhi ya kawaida. Nakuja mwanzoni mwa Novemba kwenye maonyesho ya utalii pale ExCeL, kampuni yetu ina banda. Siku za maonyesho ni tatu, na nimebakiza mbili za kutembea. Je, nahitaji koti zito kweli au jaketi langu la Makete linatosha?

Mtanga_Ughaibuni

Karibu sana mkuu. Makete naiheshimu. Lakini kuna tofauti moja kubwa: baridi ya Makete ina jua nyuma yake. Inapofika saa nne unatoka nje, unasimama juani, mgongo unapata moto. Jua la Novemba hapa liko chini sana angani, linaangaza lakini halipashi. Baridi ya asubuhi ndiyo ya mchana, ndiyo ya jioni. Mwili haupati mahali pa kupumzika isipokuwa ndani ya jengo.

Mwanzoni mwa Novemba tarajia nyuzi 12 hivi mchana na 6 usiku, jua kuchomoza saa moja na giza kuingia saa kumi na nusu jioni. ExCeL iko kwenye gati za zamani za Royal Docks, maji yako ubavuni mwake, upepo hauna kizuizi. Kutoka kituo cha Custom House mpaka mlangoni si mbali, ila ndipo utakapoujua upepo huo.

Kuhusu nguo, uzito wa koti si hoja kubwa. Vaa tabaka tabaka. Fulana ya ndani inayobana, shati, sweta la sufu, halafu jaketi lisilopitisha maji wala upepo, lenye kofia yake. Ndani ya maonyesho kuna joto la maelfu ya watu, utavua sweta. Kwenye treni za chini utafungua jaketi. Mwenye koti moja zito juu ya shati anatokwa jasho kwenye treni, akitoka nje lile jasho linapoa mgongoni, na baridi inamwingia pale. Viatu viwe na soli nene isiyopitisha maji. Chukua soksi za sufu pea tatu.

Usinunue koti jipya. Nenda Karume kwenye mitumba, au kama uko Mwanza, Mlango Mmoja. Baadhi ya marobota yale yametoka huku huku, koti la baridi kule wanunuzi wake ni wachache na bei inashuka. Kagua zipu na mishono ya mabega.

Siku zako mbili za kutembea, tafadhali zianze saa tatu asubuhi.

Wanjiku_Croydon

Niongeze kuhusu mvua, maana watu huja na mwavuli mkubwa wakidhani London inanyesha kama masika. Haiko hivyo. London hupata kama milimita 600 za mvua kwa mwaka. Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Tofauti ni kwamba kwetu mvua ina msimu wake, inamwaga, inaisha. Hapa imegawanywa miezi yote 12 kidogo kidogo: manyunyu ya dakika ishirini, inakatika, inarudi. Siku zaidi ya 100 kwa mwaka zina mvua ya kupimika. Mwavuli upepo unaugeuza ndani nje pale kwenye kona ya kwanza. Kofia ya jaketi ndiyo msaada.

Na ngozi, jamani. Nyumba nyingi hupashwa joto na redieta, vile vyuma vya joto vya ukutani, hewa ya ndani inakauka kabisa. Wiki ya kwanza mtoto wangu alitoka damu puani usiku mara mbili, nikatetemeka nikidhani ni ugonjwa mkubwa. Ilikuwa hewa kavu. Tukaweka bakuli la maji juu ya redieta, tukapaka mafuta kidogo puani, ikaacha. Njooni na mafuta mazito ya mgando, losheni nyepesi haishiki.

Mtanga_Ughaibuni

Asante dada, hilo la damu puani nilikuwa nimelisahau na ni la maana kwa wenye watoto.

Kijana_wa_Ruwi

Salaam alaykum kutoka Maskati. Sisi hapa Juni tunaishi na nyuzi 45. Nimepanga kuleta familia London Julai tupoe. Ndugu yangu ananiambia nichukue chumba chenye kiyoyozi. Kwa nyuzi 24 kweli?

Mtanga_Ughaibuni

Waalaykum salaam. Ndugu yako amekupa ushauri mzuri, msikilize.

Siku nyingi za Julai mtapoa, na jioni mtataka sweta. Lakini nyumba za hapa zimejengwa kuhifadhi joto, si kulitoa. Kuta nene, madirisha madogo, mazulia sakafuni, na vyumba vya juu viko chini ya paa moja kwa moja. Nyumbani kwako Maskati ukifunga mlango umeepuka joto. Hapa ukifunga mlango umejifungia nalo.

Mama alirudi mara ya pili kiangazi cha 2022. Tarehe 19 Julai Heathrow walipima nyuzi 40.2, na siku hiyohiyo Coningsby kule Lincolnshire wakapima 40.3. Ilikuwa mara ya kwanza Uingereza kupita 40. Upande wa mashariki wa London, kijiji cha Wennington, moto wa nyasi ulichoma nyumba za watu. Sisi tulikuwa ghorofa ya juu, hakuna feni hata moja, na madukani zilikuwa zimeisha. Mama wa Tanga, aliyezoea jua maisha yake yote, alilowesha kanga maji, akaitandika sakafuni jikoni kwenye vigae na kulala hapo. Usiku haukupoa, maana matofali na lami ya mji mkubwa hurudisha joto walilokunywa mchana. Jambo hilo liligunduliwa hapahapa London mwanzoni mwa karne ya 19 na Luke Howard, yule aliyeyapa mawingu majina yanayotumika hadi leo. Alipima akaona usiku wa mjini una joto kuliko wa shambani.

Kwa hiyo: chumba chenye kiyoyozi, na kama hakipo, omba ghorofa ya chini upande usiopigwa na jua la jioni. Kwenye treni, njia za Central na Bakerloo hazina kiyoyozi na ziko chini sana. District, Circle, Metropolitan na Elizabeth zina hewa baridi. Ukiwa na wazee, zunguka kwa hizo hata kama ni mbali kidogo.

Muuguzi_Lewisham

Naomba niingie kidogo kwa upande wa afya. Kuanzia mwishoni mwa Machi miti inamwaga chavua, na katikati ya Mei mpaka Julai ni zamu ya nyasi. Wageni wengi kutoka kwetu wanakuja kliniki macho mekundu, pua inatiririka, wanadhani ni mafua yaliyokataa kuisha. Ni mzio wa chavua, na unaweza kukupata hata kama nyumbani hujawahi kuugua hivyo. Muulize mfamasia, dawa zake zinauzwa bila cheti cha daktari.

Kwa wanaokuja kukaa muda mrefu: huduma ya afya ya hapa inashauri kila mtu afikirie kumeza vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku, majira ya vuli na baridi. Sisi wenye ngozi nyeusi tunashauriwa tuifikirie mwaka mzima. Uchovu na moyo mzito wa Desemba una sababu nyingi, lakini kutoka nje adhuhuri hata nusu saa kunasaidia. Wageni nawasihi, msijifungie.

BintiMkunazini

Assalaam alaykum. Mimi niko Unguja, natarajia kuja Juni na baba yangu, ni mtu mzima. Wasiwasi wake mkubwa ni sala. Ameambiwa huko Isha haiingii. Ni kweli?

Mtanga_Ughaibuni

Waalaykum salaam dada yangu. Mfikishie baba shikamoo yangu.

Magharibi katikati ya Juni ni saa tatu na dakika 20 usiku hivi. Jua likizama haliendi mbali chini ya upeo, kwa hiyo wekundu wa magharibi unageuka weupe, na ule weupe unabaki angani upande wa kaskazini usiku kucha. Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi tarehe 20 Julai hivi giza kamili halipatikani London. Ndiyo maana watu wanasema Isha haiingii. Wanazuoni wameshalishughulikia jambo hili, na misikiti ina ratiba zake, ila njia za kukadiria zinatofautiana. Kwa hiyo msichanganye. Chagueni msikiti mmoja ulio karibu nanyi, wa Whitechapel au ule wa Regent's Park, mfuate ratiba yake tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho.

Wakati wa baridi ni kinyume. Desemba Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zinaangukia ndani ya saa nne. Mama ile safari ya kwanza alilala kidogo baada ya Adhuhuri, akaamka dirisha jeusi, akaanza kulia akidhani Alasiri na Magharibi zimempita zote. Ilikuwa saa kumi na robo.

Juni mletee baba kitambaa cha kufunika macho. Mapazia mengi ya hoteli hayazuii jua la saa kumi na moja alfajiri, na mzee asipolala siku mbili, safari imekwisha. Ila jioni zake ni zawadi. Ile safari ya 2022 tulirudi Greenwich na mama, kilima kilekile. Saa mbili na nusu usiku jua lilikuwa bado linawaka juu ya mto, watoto wanacheza mpira, na yeye amekaa kwenye nyasi bila koti. Akaniambia, "Hili jua limesahau kwao." Picha alizozikosa mara ya kwanza alizipiga zote siku ile.

Msomaji_Kimya

Na ule ukungu mzito wa London tunaouona kwenye filamu za zamani, bado upo?

Mtanga_Ughaibuni

Ule haukuwa ukungu mtupu, ulikuwa moshi wa makaa ya mawe ulionaswa chini ya hewa baridi. Mbaya kuliko wote ulikuwa wa tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, ulioua maelfu. Sheria ya hewa safi ikapitishwa 1956, na watu wakaacha taratibu kuchoma makaa majumbani. Siku hizi kuna ukungu wa kawaida asubuhi za vuli, unaondoka kabla ya mchana.

Cha kuogopa sasa ni dhoruba. Tangu 2015 zinapewa majina. Ile ya Eunice, Februari 2022, ilichana paa la kitambaa la ukumbi wa O2. Mamlaka yao ya hali ya hewa, Met Office, hutoa tahadhari za rangi tatu. Njano endelea na safari ukiwa macho. Rangi ya chungwa, treni zitavurugika, ondoka mapema kwenda uwanja wa ndege. Nyekundu usitoke.

Na saa: Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza mbele saa moja, Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha nyuma. Kwa hiyo tofauti na kwetu ni saa mbili kiangazi, saa tatu wakati wa baridi. Mwenye ndege Jumapili hizo akague tiketi mara mbili.

Mkinga_Halisi

Wakuu, nimerudi kutoka London, nimeona si vizuri kukaa kimya. Siku ya kwanza ya maonyesho nilitoka ExCeL saa kumi na moja, giza totoro, mvua ya manyunyu inakuja kwa ubavu na fataki zinalipuka kila upande, kumbe ni sherehe yao ya Novemba 5. Pale nikakumbuka jaketi la Makete nililoliacha nyumbani, nikashukuru kwamba nilinunua lile la Karume, shilingi 25,000, lina kofia na zipu nzima.

Siku zangu mbili nilianza saa tatu asubuhi kama nilivyoelekezwa. Greenwich nilifika saa tano. Kulikuwa na jua. Nilisimama juani nikingoja mgongo upate moto, haukupata. Mkuu alisema kweli, jua lile linaangaza tu. Lakini mto niliuona wote, mpaka unapopinda.

Koti nimemwachia Mtanga_Ughaibuni, huku Makete sina kazi nalo.

Mtanga_Ughaibuni

Koti ninalo, mkuu, nimelifua. Saizi ya kati, rangi ya bluu, mfuko wa kulia una glavu zake. Anayekuja Januari au Februari aniandikie kabla ya kununua lake.